Sanaa ya kiinimacho

Sanaa ya kiinimacho (huitwa pia sanaa ya optiki) ni aina ya uchoraji dhahania unaotumia maumbo ya kijiometri, yaani mistari, miraba, pembetatu, duara na maumbo ya almasi, kwa namna inayolifanya jicho la mtazamaji lione kitu ambacho hakimo kwenye picha. Ubao bapa huonekana umebonyea au umetuna, mistari iliyotulia huonekana inatetemeka, na rangi moja ikiwekwa mahali pawili huonekana kuwa rangi mbili. Katika picha hizo hakuna mtu, mnyama wala mlima uliochorwa.

Kama tawi la sanaa ya kisasa, aina hii ilipata jina huko Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960, na wachoraji wanaotajwa zaidi ni Victor Vasarely na Bridget Riley. Lakini ujuzi wenyewe ni wa zamani zaidi, na mfano wake mmoja ulio bora uko katika eneo la Maziwa Makuu: imigongo ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ng'ambo tu ya mto Kagera kutoka wilaya ya Ngara. Msomaji aliyeko Kibondo au Kasulu yuko karibu na chimbuko hilo kuliko alivyo karibu na Dar es Salaam. Ni ajabu basi kwamba vitabu vingi vya sanaa humwanzishia somo hili Paris na New York.

Jina

Katika Kiswahili "kiinimacho" ni mchezo wa mazingaombwe, kama ule wa mtu anayetoa leso kwenye mkono mtupu. Kiinimacho cha mwenye mazingaombwe hutegemea wepesi wa mkono na kitu kilichofichwa. Kile cha mchoraji hakifichi chochote: mtazamaji anaweza kusogea karibu, kuweka rula juu ya mstari, kuthibitisha kwamba umenyooka, kisha akarudi nyuma na kuuona umepinda kama mwanzo. Kujua hakuondoi kuona.

Si kila uchoraji wa kijiometri ni wa kiinimacho. Mrusi Kazimir Malevich alipoonyesha Mraba Mweusi mjini Petrograd mwishoni mwa 1915, na Mholanzi Piet Mondrian (1872-1944) alipogawa picha zake kwa mistari myeusi iliyosimama na iliyolala, walitaka picha ikubali kwamba ni bapa. Waliacha kuiga vitu vya dunia ili rangi na umbo visimame peke yake. Wachoraji wa kiinimacho walichukua maumbo yaleyale makavu wakayatumia kwa lengo karibu la kinyume, yaani kulifanya jicho lisitulie.

Jinsi jicho linavyodanganyika

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, wenye mamilioni ya seli zinazopokea mwanga. Utando huo haupelekei ubongo nakala ya kila nukta kama ilivyo. Sehemu inaposhtuliwa na mwanga hupunguza nguvu ya sehemu za jirani, kwa hiyo mahali ambapo mwanga unabadilika ghafla, yaani kwenye kingo, tofauti huongezwa. Penye mpaka wa weusi na weupe, upande mweupe huonekana mweupe zaidi na ule mweusi mweusi zaidi. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, alieleza jambo hilo mwaka 1865. Kwa maisha ya kawaida hii ni faida kubwa, maana kingo ndizo zinazotuonyesha jiwe njiani na ukingo wa ngazi. Mchoraji anayeijaza picha kwa kingo tupu analielemea jicho kwa kazi hiyohiyo.

Mwaka 1870 Mjerumani Ludimar Hermann alieleza mchoro ambao sasa umo karibu katika kila kitabu cha saikolojia. Miraba myeusi hupangwa kwa safu, vikiachwa vichochoro vyeupe kati yake. Kwenye njia panda za vichochoro huonekana madoa ya kijivu, na ukilikazia jicho doa moja, linatoweka huku mengine yakibaki. Vitabu huyaeleza madoa hayo kwa mashindano ya seli za jirani, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu vichochoro vikipindishwapindishwa kidogo tu madoa hupotea ingawa weusi na weupe ni uleule.

Sababu ya pili ni kwamba jicho halitulii. Hata mtu anapokaza macho mahali pamoja, mboni hufanya miruko midogo isiyohisiwa, mara kadhaa katika sekunde moja. Ukitazama ukuta wa rangi moja, miruko hiyo haina athari. Lakini picha ikiwa na mistari mingi myembamba ya weusi na weupe, mruko mdogo unatosha kuhamisha mstari mweusi mahali palipokuwa na mweupe, na picha nzima ikaonekana inameremeta kama hewa juu ya lami wakati wa jua kali. Mwingereza Donald MacKay alichapisha mwaka 1957 mchoro wa miali inayotoka katikati kwenda pande zote, ambao huwafanya watu wengi waone mawimbi yakizunguka. Baadhi ya watu huhisi kizunguzungu au kuumwa kichwa mbele ya picha za namna hii, na mwalimu asiwalazimishe kuendelea kutazama.

Sababu ya tatu ni rangi kuathiriana, na hiyo iligunduliwa kwa njia ya ufumaji. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkemia aliyesimamia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilizotiwa rangi hapo hazikuwa nyeusi sawasawa. Chevreul alizipima, akaziona hazina kasoro. Tatizo lilikuwa nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake juu ya kanuni hiyo kilitoka mwaka 1839. Mjerumani Josef Albers (1888-1976), aliyehamia Marekani mwaka 1933, alitumia zaidi ya miaka 25 ya mwisho ya maisha yake kuchora miraba ndani ya miraba ili kuonyesha kwamba rangi hubadilika kwa kubadilishiwa jirani.

Ya nne ni utata wa maumbo. Ukichora kisanduku kwa mistari 12 bila kivuli, ubongo hauna njia ya kuamua uso upi uko mbele, kwa hiyo huchagua mmoja, kisha baada ya sekunde chache hubadili mawazo. Mswisi Louis Albert Necker aliandika juu ya hili mwaka 1832 alipokuwa akichora fuwele za madini. Ukiunganisha maumbo matatu ya almasi yenye pembe za nyuzi 60 na 120, moja jeupe, moja la kahawia na moja jeusi, utapata kisanduku kinachotokeza nje. Jaza ukurasa kwa visanduku hivyo, navyo vitageuka juu chini mbele ya macho yako. Warumi wa kale waliweka umbo hili kwenye sakafu za vigae.

Ulaya na Marekani

Vasarely alizaliwa mjini Pécs, Hungaria, mwaka 1906, akahamia Paris mwaka 1930 na kujipatia riziki kwa kuchora matangazo ya biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alichora Zebra, punda milia wawili waliosukana shingo, bila mstari wowote wa kuzunguka miili yao. Milia peke yake, kwa kupinda hapa na kubanana pale, inatosha kuonyesha misuli. Katika picha zake za miaka ya 1950 zilizoitwa Vega wanyama wameondoka, imebaki miraba kama ya ubao wa drafti inayotanuka katikati mpaka ukuta unaonekana una puto ndani yake. Alifariki Paris mwaka 1997.

Kwa kuwa punda milia ni mnyama wa kwetu, inafaa kuongeza kwamba milia yake yenyewe inachunguzwa kama kiinimacho cha kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nzi wanaouma hufika karibu na punda milia kama kawaida, lakini hushindwa kupunguza mwendo ili watue. Mwaka huohuo watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kupaka ng'ombe weusi milia myeupe: nzi waliowatua walipungua kwa karibu nusu. Katika Buha, ambako serikali ya kikoloni iliwahamisha watu katika miaka ya 1930 na kuwaweka katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale yanayoletwa na mbung'o, habari hii si ya mchezo.

Bridget Riley alizaliwa London mwaka 1931. Picha iliyomtambulisha ni Movement in Squares ya mwaka 1961, yaani Mwendo katika Miraba, iliyochorwa kwa rangi nyeusi na nyeupe juu ya hadibodi. Urefu wa kila mraba kutoka juu hadi chini haubadiliki, ila upana hupungua kadiri unavyoelekea mahali fulani karibu na katikati, mpaka inabaki kama vijiti, halafu unaongezeka tena. Hakuna zaidi ya hayo, lakini anayeitazama anaona karatasi kubwa iliyokunjwa ikizama kwenye ufa. Riley hakutumia hesabu ngumu wala mashine. Alijaribu kwa mkono, akatazama, akabadili. Baadaye alitumia rangi nyingi, na safari yake ya Misri mwishoni mwa 1979 ilimpa rangi alizoziona kwenye makaburi ya kale, akazitumia kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1965 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilifanya maonyesho yaliyoitwa The Responsive Eye, yaani Jicho Linaloitika. Watu walifurika. Kabla maonyesho hayajafungwa, michoro ya aina hiyo ilikuwa tayari kwenye magauni na madirisha ya maduka, ikiwemo ya Riley aliyoikuta imenakiliwa bila idhini yake. Alikasirika na kutafuta msaada wa sheria. Wahakiki kwa upande wao walisema sanaa hii ni hila ya macho isiyo na mawazo, na baada ya miaka michache mtindo ukapoa. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka, na sababu moja ya kusema hivyo iko ng'ambo ya Kagera.

Imigongo

Neno imigongo halihitaji kutafsiriwa kwa Mswahili: ni migongo, na mmoja ni umugongo. Kinyarwanda, Kirundi na Kiha ni lugha ndugu za kundi moja. Jina linatokana na matuta membamba yanayoinuka kwenye mchoro kama uti wa mgongo.

Mchoro hufanywa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ambayo huondoa harufu na kuzuia wadudu. Zamani ulifanywa moja kwa moja kwenye kuta za ndani za nyumba. Siku hizi hufanywa zaidi kwenye vibao vinavyoweza kuuzwa na kubebwa. Fundi, ambaye kwa desturi ni mwanamke, huchora kwanza mistari kwa mkaa. Kisha huchukua samadi kwa vidole na kuijenga juu ya mistari hiyo, tuta baada ya tuta. Ikikauka huilainisha kwa jiwe au msasa, halafu huipaka rangi. Nyeupe hutokana na udongo mweupe, nyekundu na kahawia hutokana na udongo wa rangi hizo, na nyeusi hutengenezwa kwa majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri na tunda la mtunguja wa porini uitwao intobo. Rangi za asili ni hizo chache tu, na michoro ni zigizaga, almasi, pembetatu, miraba na mizunguko kama ya konokono.

Mapokeo yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kupamba nyumba yake hivi. Gisaka ulikuwa ufalme wenye kujitegemea mpaka ulipomezwa na Rwanda katika karne ya 19. Iwe ni Kakira au ni wanawake wa nyumba yake waliofanya kazi hiyo, imigongo ilikuwako muda mrefu kabla ya Vasarely kuzaliwa.

Hapa inafaa kutazama kwa makini jinsi imigongo inavyofanya kazi, kwa sababu inatumia kanuni zilezile na kuongeza moja. Almasi nyeusi na nyeupe zikipangwa kwa zamu, jicho haliwezi kuamua ipi ni umbo na ipi ni nafasi iliyobaki, kama ilivyo kwenye picha nyingi za kiinimacho. Zigizaga nyembamba zilizorundikwa hufanya ukuta uonekane unatembea kwa kupanda. Mzunguko wa konokono wenye pembe kali humvuta mtazamaji ndani. Lakini picha ya Riley ni bapa kabisa na kina chake chote ni cha kudhaniwa, ilhali kwenye imigongo tuta ni la kweli na lina kivuli chake. Katika nyumba inayopata mwanga kutoka mlangoni tu, kivuli cha tuta huanguka upande mmoja asubuhi na hubadilika kadiri jua linavyosogea. Rangi nyeusi iliyopakwa kando ya tuta inaweza kuongeza kivuli hicho au kupingana nacho. Jicho linapewa habari mbili za kina kwa wakati mmoja, moja ya kweli na moja ya rangi, na haziafikiani. Wachoraji wa Ulaya walifikia jambo hilo walipoanza kuweka vijiti na vibao vilivyoinuka mbele ya picha zao.

Sanaa hii nusura ipotee. Nyarubuye, ambako maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa katika Aprili 1994 wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, iko katika eneo hilohilo la imigongo. Mwishoni mwa mwezi huo, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Mafundi waliokufa walikwenda na mifano yao, kwa sababu michoro haikuwa imeandikwa popote isipokuwa kwenye kuta na vichwani mwao. Baada ya vita wanawake wa Nyakarambi, katika wilaya ya Kirehe, wengi wao wajane, walikusanyika katika ushirika uliopewa jina la Kakira wakaanza tena. Leo michoro yao inaonekana kwenye hoteli, vitambaa na vikombe nchini Rwanda kote, na vibao hununuliwa na wageni kutoka nchi nyingi.

Nyanda za juu za Kigoma

Waha wa Kibondo na Kasulu hawajulikani kwa imigongo, ingawa kusiriba sakafu na ukuta kwa samadi ni jambo la kawaida kwao kama kwa majirani zao. Jiometri ya eneo hili imo zaidi katika vikapu na mikeka, na hiyo pia ni ya jamii moja na ile ya Burundi na Rwanda. Kikapu cha kusukwa kwa mzunguko huanza na kitovu kidogo, kisha kamba ya nyasi huzungushwa na kushonewa juu ya ule mzunguko uliotangulia.

Njia hiyo ya kusuka inazaa viinimacho vyake. Kila mzunguko unaoongezwa ni mrefu kuliko uliotangulia, kwa sababu mzingo wa duara hukua sawa na nusu kipenyo chake. Msukaji akianza na ncha sita za rangi nyeusi na kuziweka kila mara kwenye mstari uleule wa kutoka katikati, ncha zitapanuka zenyewe na kuwa nyota. Akisogeza kila ncha kidogo upande mmoja katika kila mzunguko, nyota hupinda na kuwa kama panga za feni, na kikapu kilichowekwa mezani kikiwa kimetulia huonekana kinazunguka. Akisogeza kwenda kulia kwa mizunguko minne na kurudi kushoto kwa minne, hupata zigizaga inayokua kadiri inavyofika ukingoni, na jicho husoma ukuaji huo kama kina: sinia iliyo bapa huonekana kama bakuli. Msukaji anayafanya haya kwa kuhesabu mishono, bila rula wala bikari.

Ujuzi huo umehama pamoja na watu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa wale wa Burundi. Shirika la WomenCraft lenye makao yake Ngara limefanya kazi na wasukaji wa pande za mpaka, wakiwemo wakimbizi wa Burundi waliokuwa katika kambi ya Mtendeli, Kakonko, na vikapu vyao viliuzwa nje ya nchi.

Je, watu wote huona sawa?

Swali hili liliwahi kupimwa Afrika Mashariki. Wamarekani Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walikusanya majibu ya karibu watu 1,900 wa jamii mbalimbali, zikiwemo za Banyankole na Batoro wa Uganda, na kuchapisha kitabu mwaka 1966. Waliwaonyesha michoro kama ule wa mistari miwili iliyo sawa, mmoja ukiwa na vishale vinavyofunguka nje na mwingine vinavyofunga ndani. Wakazi wa Evanston, Marekani, walidanganyika sana na mchoro huo kuliko watu wa jamii nyingi za Afrika. Lakini mchoro mwingine, unaofanya mstari uliosimama uonekane mrefu kuliko uliolala, uliwadanganya zaidi Banyankole na Batoro.

Watafiti walidhani sababu ni mazingira. Mtu aliyekulia kwenye vyumba vya pembe mraba huzoea kusoma pembe kama kona za nyumba, na aliyekulia kwenye nchi iliyo wazi huzoea kusoma mstari uliosimama kama njia inayokwenda mbali. Wengine waliyapinga maelezo hayo, na mjadala unaendelea. Lililo wazi ni kwamba matokeo hayo hayasemi jamii moja ina macho mabovu: kila moja ilidanganyika mahali pake. Walimu wa zamani waliowahi kusoma katika vitabu vya kigeni kwamba "Mwafrika hawezi kusoma picha" wana haki ya kuyakumbuka matokeo hayo.

Jaribio la darasani

Kiinimacho cha miraba kinaweza kuchorwa na mwanafunzi yeyote mwenye karatasi ya A4, rula na kalamu nyeusi. Laza karatasi kwa upana. Chora safu sita, kila moja ikiwa na kimo cha milimita 30. Gawanya kila safu kwa upana wa milimita 30, 26, 22, 18, 14, 10, 6, 3, 2, kisha rudi 3, 6, 10, 14, 18, 22, 26, 30. Jumla ni nafasi 17 na milimita 260, nazo zinaenea kwenye karatasi. Paka nyeusi kwa zamu kama ubao wa drafti, safu ya pili ikianza na nyeupe. Bandika ukutani, rudi nyuma hatua tatu.

Kisha badilisha kitu kimoja: fanya upana wote uwe milimita 15. Ufa unatoweka. Mwanafunzi atakuwa amejionea kwamba kina hakikuwa katika wino bali katika mfululizo wa namba. Kwa wenye hamu zaidi, udongo mwekundu wa Kasulu ukichanganywa na gundi ya unga hupaka vizuri kwenye kadibodi, na mkaa uliosagwa hutosha kwa nyeusi.

Wachoraji wa kisasa wa Afrika Mashariki

Ni wachache waliofuata njia hii. Uchoraji uliotoka Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha katika miaka ya 1930, ulipenda kusimulia: Sam Ntiro (1923-1993) wa Kilimanjaro alichora watu wakilima, wakivuna na wakijenga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia hadibodi za mraba na rangi za baiskeli, na madoa na mistari ya wanyama wake yanakaribia kiinimacho ingawa hakukusudia hivyo. Nchini Ethiopia, Gebre Kristos Desta (1932-1981) alikuwa mmoja wa waanzilishi wa uchoraji dhahania. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupata tuzo ya Turner nchini Uingereza mwaka 2017, ametumia sana mpangilio wa khanga katika kazi zake.

Sanaa au kazi ya mikono?

Kwa desturi ya majumba ya makumbusho, picha ya Vasarely huwekwa katika chumba cha sanaa na kibao cha imigongo huwekwa katika chumba cha utamaduni. Picha ina jina la mchoraji na mwaka. Kibao kina jina la kabila au la nchi. Tofauti hiyo haielezwi kwa ustadi, maana kanuni ni zilezile, wala kwa mawazo, maana mwanamke anayeamua mahali pa kuweka almasi nyeusi anaamua jambo lilelile aliloamua Riley. Inaelezwa zaidi na nani aliyeandika jina lake chini ya kazi.

Jambo hili lina upande wa fedha pia. Riley alikuwa na jina, hivyo magauni ya New York yalipotoka aliweza kulalamika kama mwenye mali. Mchoro wa imigongo au wa kikapu ukichapishwa kiwandani juu ya kitambaa hauna mtu mmoja wa kulalamika. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda kazi za sanaa za jadi, ikiwemo michoro na ususi wa vikapu, na inataka kibali kwa anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Msukaji anayepeleka vikapu vyake kwa mnunuzi anaweza angalau kuanza na hatua ndogo isiyohitaji mwanasheria: kupiga picha ya kila muundo mpya, na kuandika nyuma yake jina lake, kijiji na tarehe.